Mwalimu wa Bastola Tupu

Nikimkumbuka, hunijia kwanza akiwa ametupa mgongo, uso kauelekeza kwenye ukuta wa machimbo, na vumbi jeupe la mawe ya matumbawe limempanda mpaka magotini kama mtu aliyetembea ndani ya unga. Sisi wanafunzi wake wanne au watano tumekaa kwenye benchi la mbao, viziba masikio shingoni, twamngoja. Juu yapita ndege inayokwenda kutua Airport, bado ndogo, naye anaifuata kwa macho mpaka inapotea upande wa Changamwe. Ndipo anageuka, anapangusa mikono kwenye sketi yake na kusema, "Haya. Tuanze na tupu."

Jina lake nalijua, lakini sikuwahi kumwita kwalo. Alikuwa Mwalimu. Wapo waliomwita Afande, kwa kuwa alistaafu kutoka magereza, alikofundisha silaha miaka mingi, ila akiitwa hivyo hakuitika. "Afande alibaki getini na sare yake," alisema mara moja, na mtu aliyemwita hivyo akaona haya. Alikotoka hakutwambia. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi, kila neno limesimama wima. Sisi tuliolelewa kwa maneno marefu na salamu za robo saa tulichukua muda kumzoea.

Mimi ni mwanamke wa duka. Marehemu mume wangu aliniachia duka la jumla huku Kisauni, unga, mafuta, sukari na mchele, na nyumba iliyoshikana na ghala kwa nyuma. Tulivamiwa mara mbili. Mara ya pili walimpiga muuzaji wangu kwa kitako cha bunduki, akapoteza jicho, na tangu siku hiyo kila pikipiki iliyopunguza mwendo mbele ya duka ilinikausha mate. Nikaomba leseni. Nilihojiwa, nikachukuliwa alama za vidole, nikangoja, nikangoja tena, mpaka siku moja nikajikuta nimeketi mbele ya muuzaji wa silaha, kasha jeusi mapajani. Bwana yule alinionyesha kwa dakika chache. "Mama, hii haina mambo mengi," aliniambia. "Unaelekeza, unabonyeza."

Nilirudi nayo nyumbani nikaifungia ndani ya sefu, na wallahi niliiogopa kuliko nilivyowaogopa wezi.

Kutafuta mtu wa kunifundisha kulinichosha kuliko kutafuta leseni. Kulikuwa na klabu moja ya watu wazito, ambako ada ya siku moja ningelipa mishahara ya wafanyakazi wangu wawili. Kulikuwa na kijana wa miwani nyeusi aliyefundisha kwa siku moja tu, asubuhi mpaka adhuhuri. Nilikwenda kwake. Alitupigisha risasi hamsini kila mmoja, akitupigia makofi, akitupiga picha, kisha akatupa vyeti vya karatasi inayong'aa vyenye picha ya tai. Jambo moja tu nililojifunza ni kwamba kishindo kile huuma mpaka kwenye meno.

Bawabu wa benki ninakopeleka mauzo ndiye aliyeniokoa. Aliniona nikiugeuzageuza mkoba wangu kama mtu aliyebeba nyoka, akaniuliza kwa heshima, nami nikamweleza. "Bibi," akasema, "nenda machimboni siku ya Alhamisi asubuhi. Kuna mama pale, hutoza kidogo. Ila atakuchosha."

Machimbo yale yaliachwa zamani, yakageuzwa uwanja wa shabaha. Kuta zake zimepanda juu pande tatu, na mivinje imeota juu ya kingo, ikivuma hata siku isiyo na upepo. Mwenye uwanja alikodisha kwa watu na makampuni ya ulinzi, na Alhamisi asubuhi ilikuwa ya Mwalimu. Nilimkuta ameketi juu ya jiwe, kucha zake zimepakwa rangi nyekundu ya kukoza, akimenya chungwa kwa ganda moja refu lisilokatika.

"Umekuja na risasi?" aliniuliza kabla sijamaliza kumwamkia.

"Ndiyo, Mwalimu. Kasha zima."

"Zirudishe garini."

"Lakini nimekuja kujifunza kupiga."

"Najua. Ndiyo maana nasema zirudishe garini."

Wiki sita sikupiga risasi hata moja. Nilijifunza kushika, kusimama, kupumua, kuweka kidole mbali na kifyatulio, pembeni, kimenyooka, mpaka kidole chenyewe kikaanza kunyooka nikiwa nimeshika upawa. Alikuwa na sarafu ya shilingi kumi, kongwe, iliyolika. Aliilaza kwa ubapa juu ya mtutu, karibu na ncha, kisha akakwambia ubonyeze bastola ikiwa tupu. Sarafu ikianguka, unaanza upya. Yangu ilianguka siku ya kwanza mara arubaini na kitu. Siku ilipokaa bila kutikisika nilihisi kimya fulani kikinishuka toka utosini, kama kile cha kusujudu, na nilipoinua macho Mwalimu alikuwa ameshaniacha, amekwenda kwa mwingine.

Ada yake ilikuwa ndogo kwa sababu hiyo. "Risasi ndiyo ghali," alikuwa akisema. "Kuangalia hakuna bei." Hivyo tuliangalia. Kila aliyepokea bastola aliifungua, akatazama ndani, akaingiza ncha ya kidole cha mwisho, akainua uso akatazama mivinje, kisha akatazama ndani mara ya pili na kusema kwa sauti, "Tupu." Akimpa mwenziwe, yule mwenziwe alianza upya, ingawa ameyaona yote kwa macho yake.

"Humwamini?" nilimuuliza siku moja kwa utani, kwa kuwa aliyenipa alikuwa mzee mmoja mstaafu wa bandarini, mtu wa swala tano.

"Namwamini sana," alijibu Mwalimu. "Hebu angalia."

Mzee huyo wa bandarini alikuwa na kigugumizi. Neno "tupu" lilimtoka kwa taabu, akilivuta kama ndoo ya maji kutoka kisima kirefu, na kijana mmoja wa kampuni ya ulinzi akacheka. Mwalimu hakumkaripia. Alimwambia mzee achukue muda wake wote, na tangu hapo sote tulilazimika kusema neno lile polepole, silabi moja, tukahesabu mpaka tano kimoyomoyo, halafu silabi ya pili. Machimbo yakajaa watu wazima wakisema "tu", wakinyamaza, wakisema "pu". Nikiyakumbuka hayo hujiona kama nilikuwa ndotoni. Lakini ndani ya ile hesabu ya tano, mzee wa bandarini mwenyewe aligundua risasi iliyosahauliwa ndani ya bastola ya kijana aliyemcheka.

Hakuwa na subira ya namna hiyo kwa kila mtu. Alimfukuza tajiri mmoja kijana kwa kuweka simu yake juu ya jiwe imrekodi. Hilo tulilifurahia. Lakini alikuja muuguzi mmoja, mwanamke mpole anayetoka kazini usiku peke yake, na risasi yake ya kwanza ilipolia akaangua kilio. Mwalimu akamwambia mbele yetu sote, "Nenda nyumbani, mama. Unatupotezea asubuhi." Yule mwanamke akakusanya vitu vyake, akaondoka akijikwaa kwenye vifusi.

Siku hiyo nilimpa Mwalimu lifti mpaka kituoni, na sikuweza kunyamaza. "Mwalimu, ulivyomwambia yule dada si vizuri. Mimi mwenyewe risasi yangu ya kwanza nilikaribia kulia."

Alitazama nje ya dirisha njia nzima. Alhamisi iliyofuata alifika na ile karatasi ambayo muuguzi aliandika namba yake, akasimama kando akipiga simu, ikilia mpaka ikakatika, akipiga tena. Alifanya hivyo wiki tatu. Simu haikupokelewa. "Nilikosea," alituambia, akiwa anapanga maganda ya risasi ndani ya kopo. "Aliyelia ndiye aliyeelewa." Kisha akatuamrisha tusimame kwenye mstari.

Jambo la ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa na bastola. Alitumia za uwanja. Nilimuuliza kwa nini, akasema nyumbani kwake Mtongwe hakuna cha kuibwa ila mashine ya kushonea, na mwizi atakayeweza kuibeba ameistahili. Hakuweza kuchinja kuku. Jumamosi alimpeleka kuku wake kwa jirani achinjiwe, akasubiri nje ya ukuta, kaupa mgongo. Na siku nilipomwalika kwenye sherehe ya mjukuu wangu, akaja na wigi lake la kanisani na viatu vya kisigino, puto likapasuka, naye alikuwa wa kwanza chini ya meza, sahani ya keki mkononi. Watoto walicheka mpaka wakashikwa na kwikwi. Alitoka taratibu, akanyoosha gauni.

"Bunduki naijua italia saa ngapi," aliniambia kwa kunung'unika. "Puto halina adabu."

Mara moja tu alinieleza kilichomfanya awe vile. Tulikuwa tunasafisha silaha, wawili tu, vidole vyeusi kwa mafuta. Aliwahi kumtilia mtu mmoja sahihi ya kufuzu, alisema, mfanyabiashara, mwenye shabaha nzuri kuliko wote aliowafundisha. Mke wa yule bwana alimfuata Mwalimu akamwomba asimpitishe, kwa kuwa mumewe alikuwa na hasira za ghafla na woga wa ghafla. Mwalimu akaitazama karatasi ya shabaha, matundu yote yamekusanyika katikati kama ua, akatia sahihi. Mwezi haukwisha, yule bwana alimpiga mlinzi wake mwenyewe kupitia mlango, kwa kudhani ni mwizi. Mlinzi hakufa. Mkono wake wa kulia haukurudi tena.

"Nilisoma karatasi," Mwalimu alisema. "Sikumsoma mtu."

Kila mwezi alikuwa akimtembelea yule mlinzi. Walicheza bao. Mlinzi alichezea mkono wa kushoto, na kwa maelezo ya Mwalimu, alikuwa mwizi mkubwa wa kete.

Nilidhani nimeelewa. Kumbe sikuelewa mpaka Ramadhani ile.

Ilikuwa mchana, baina ya adhuhuri na alasiri. Duka limefungwa, wafanyakazi wamekwenda kupumzika, mtaa mzima umelala kwa joto na njaa. Nilikuwa chumbani nikiandika oda. Nikasikia kufuli la mlango wa nyuma wa ghala likigeuzwa. Polepole, kama mtu asiyetaka kusikiwa. Funguo za mlango huo ninazo mimi.

Sikumbuki nilivyofika kwenye sefu. Nakumbuka ubaridi wa kile chuma, na vigae vya ukumbini chini ya nyayo zangu. Nilisimama pembeni ya mlango wa ghala. Ndani giza, kwa kuwa madirisha tuliyaziba baada ya wizi wa pili. Mtu alikuwa akipumua mle. Gunia likasogezwa.

"Nani?" nikaita.

Kimya.

"Nani wewe? Nina silaha!"

Hakujibu. Akasogea upande wangu, kivuli kifupi kati ya magunia, kimeinama, kimebeba kitu ubavuni. Moyo ulinipiga mpaka nikausikia masikioni kama ngoma ya mtaa wa pili. Na wallahi mkono ulitaka kuinuka. Ulikuwa mwepesi, ulikuwa tayari, miezi yote ile ilikuwa ndani yake. Lakini kidole kilikuwa kimenyooka pembeni na hakikukunjika, na katikati ya kishindo cha moyo nikaisikia sauti ya Mwalimu, bila haraka yoyote, kama anamenya chungwa: "Uso kwanza. Hujauona uso, hujaona kitu."

Mkono wa kushoto ukapapasa ukutani, ukaipata swichi.

Alikuwa mavyaa wangu. Mama wa mume wangu, anayekaa nyumba ya nyuma yetu, miaka themanini na zaidi, masikio yake hayasikii hata adhana. Amesimama kando ya gunia la sukari, bakuli ubavuni, amefinya macho kwa mwanga.

"Ah, mwanangu, kumbe u macho," akasema. "Sikutaka kukusumbua. Nataka sukari kidogo ya tambi."

Mkononi alikuwa na ufunguo wa marehemu mwanawe. Miaka yote hiyo aliutunza, na hakuna aliyejua.

Niliiingiza bastola chini ya buibui langu. "Mbona wanitizama hivyo?" akaniuliza. Nikamwambia ni njaa. Magharibi tulifuturu pamoja, akanipakulia tambi zake mwenyewe kwa mkono wake.

Kesho yake sikuingoja Alhamisi. Nilivuka Likoni, nikaulizia njia mpaka nyumbani kwa Mwalimu kule Mtongwe. Nilimkuta barazani kwenye mashine, anashona pazia. Nikamweleza yote huku nalia, nikamwambia kasha liko garini, sitaki kuliona tena.

Aliniacha nimalize. "Kidole kilikuwa wapi?"

"Nje."

"Mtutu?"

"Chini."

"Taa?"

"Niliwasha."

Nilitaraji anisifu, au anifariji, au anitukane. Cherehani ilikuwa imesimama, sindano ndani ya kitambaa, na kwa mbali mtu alikuwa akigonga msumari kwenye mashua.

"Ule mlango una funguo ngapi?" akauliza.

"Nilidhani mbili."

"Ulidhani." Akachomoa uzi kwenye sindano na kuukata kwa meno. "Mkono wako niliufundisha. Nyumba yako sikuifundisha. Jumapili nakuja baada ya ibada."

Akaja, na wigi lake. Nilimkaribisha maji, kwa kuwa yeye hafungi, akakataa. "Leo na mimi nimefunga," alisema, "mpaka nimalize nyumba hii." Alipita chumba kwa chumba na penseli, akachora milango, madirisha, mahali pa kila kitanda. Aliuliza nani hulala wapi, nani huamka saa ngapi, nani hasikii, nani huja bila kubisha. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hayo, si muuzaji wa silaha, si kijana wa miwani nyeusi, si mimi mwenyewe. Makufuli yalibadilishwa, funguo zikahesabiwa, na swichi ya taa ya ghala ikahamishiwa nje ya mlango. Mwisho aliketi mkekani karibu na mavyaa wangu, akaweka mdomo sikioni pake na kupaza sauti hadi mtaa ukasikia: "Mama! Ukiingia ghalani, washa taa!"

"Abee, nimesikia," akajibu mavyaa, kafurahi kuzungumzishwa. Mwalimu alipoondoka, mavyaa akaniambia, "Fundi wa umeme mwanamke! Na kazi yake safi." Mpaka anakufa hakumwita kwa jina jingine: yule fundi wa taa. Na kila alipotaka sukari, hata mchana wa jua kali, aliwasha.

Mwalimu hakustaafishwa na mtu. Alhamisi moja alitupanga mstari, akachukua bastola ya uwanja, akahakikisha ni tupu, akaweka ile sarafu juu ya mtutu. Ikaanguka. Akaiokota, akaiweka tena. Ikaanguka. Mara ya tatu tuliona sote: mikono yake ilikuwa inatetemeka, kidogo tu, kama uso wa maji ndani ya bakuli lori linapopita barabarani. Mzee wa bandarini aliinama kuiokota, akamzuia.

"Haya," alisema. "Mmeona. Ningekuwa mwanafunzi wangu, nisingejipitisha."

Akaipeleka bastola ofisini, akatia sahihi kitabuni, akatupa mkono mmoja mmoja. Hakutaka lifti.

Nilimwona tena baada ya miaka miwili hivi. Ilikuwa asubuhi, nimewapeleka wajukuu Shelly Beach, maji yamejaa, yametulia kama yamemiminwa wakati huohuo. Nikaona mtu ndani ya maji ya kifua, amevaa dera la maua na wigi lake, amekumbatia mtungi mtupu wa plastiki wa manjano. Kucha nyekundu. Nikavua viatu.

"Mwalimu!"

Aligeuka, akanitambua, na wala hakuona haya. "Njoo," alisema. "Usisimame huko kama askari."

Niliingia na nguo zangu. Akaniambia ameishi kando ya maji haya nusu ya umri wake na akiyaogopa nusu ya umri wake, na sasa mikono haina kazi nyingine, ameamua kujifunza kuelea. Hana wa kumfundisha. Wanaofundisha kule mahotelini wanataka fedha nyingi, na kijana mmoja alitaka kumrusha kutoka kwenye ngazi ili azoee.

"Bado unayo?" akaniuliza ghafla.

"Niliirudisha polisi, Mwalimu. Mavyaa alipofariki. Siku hizi wateja wote wanalipa kwa simu, dukani hamna kitu cha kuvamia."

"Vyema. Ungesema unayo, ungeniambia pia unafanya mazoezi kila wiki, na ningejua unaongopa." Akausukuma mtungi pembeni. "Weka mkono hapa. Mgongoni."

Nikauweka. Akalala chali juu ya maji, shingo imekakamaa, macho kayafumba kwa nguvu, na dera likatanda pande zote mbili. Hakuwa mzito. Nilihisi mtetemo wake kupitia kiganja changu, kisha, maji yalipomchukua, nikauhisi ukipungua, ukipungua, mpaka sikujua kama ni wake au ni wa mawimbi. Wajukuu walikuwa wametulia ufukweni, wakitutazama.

"Niachie," akasema.

"Una hakika, Mwalimu?"

"Sina. Niachie."

Nikauondoa mkono. Alielea. Midomo yake ilikuwa ikihesabu, nami nikahesabu naye moyoni, mpaka kumi na moja. Hapo akafumbua macho akaona mbingu, akashtuka, akazama. Nikamwinua akikohoa, maji yakimtoka puani, wigi halipo, nywele zake fupi zote nyeupe, anacheka kwa sauti ambayo sikupata kuisikia kwake hata siku moja.

"Umeona?" alisema, amenishika mabega kwa mikono miwili. "Umeona? Tena."

Nikauweka mkono mgongoni.